Njia Mpya ya Kwenda Korongoni

Neno "mpya" lataka uangalifu mkubwa kwa mtu anayeandika habari za Rufiji. Mto wenyewe huhama. Shamba ambalo babu alililima likiwa ng'ambo hii, mjukuu hulikuta limekuwa ng'ambo ile, na wala hakuna aliyelisogeza. Kwa hiyo nilipoletewa karatasi iliyoandikwa juu "Njia Mpya ya Kutembea kwa Miguu hadi Korongo la Mto Rufiji", nilisoma mara mbili neno hilo moja kabla ya kwenda kwenye mengine.

Wenye karatasi ni vijana wanne wa ukanda huu wa barabara itokayo Kibiti, ikapita hapa Dimani, kwenda Mloka kwenye mlango wa hifadhi, safari ya kilomita zipatazo 100. Baba za wawili kati yao niliwafundisha mimi. Wamesomea uongozaji wa watalii, na wamechoka kukaa barabarani wakitazama magari ya wageni yakipita na vumbi lake. Wamechora njia itakayoanzia Mloka, ipite lango la Mtemere, ifuate maziwa hadi Tagalala, iguse chemchemi za Maji Moto, ipande Behobeho, kisha ishuke hadi mahali ambapo mgeni anaweza kuliona korongo. Mimi, kwa kuwa nilishika chaki miaka mingi na nikamaliza kazi nikiwa mwalimu mkuu, nimeombwa niandike historia itakayotiwa kwenye vibao saba.

Kazi ya kuandika vibao si ndogo. Kibao husomwa na mtu aliyesimama, anayetoka jasho, mwenye dakika moja tu. Atakachokisoma hapo ndicho atakachokwenda kukisimulia kwao, na pia ndicho watakachokisoma watoto wetu siku shule itakapowapeleka kutembea. Sasa katika rasimu ya vijana kibao cha kwanza kilisema kwamba hili ni pori ambalo halijawahi kuguswa na mkono wa mtu. Cha nne kilieleza kaburi la Selous. Cha tano kilieleza kifo cha Stiegler. Nikawauliza, "Wanangu, hapa alipita nani mwingine?" Mmoja akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, wageni ndivyo wanavyopenda kusikia." Sikumlaumu, maana hata vitabu tulivyopewa sisi chuo cha ualimu viliandikwa hivyohivyo.

Tuanze na hao wawili, kwa kuwa wamekwisha kujipatia nafasi. Stiegler alikuwa Mjerumani aliyeuawa na tembo pale korongoni mwaka 1907. Hakuna kingine kikubwa alichokifanya hapo. Aliuawa, na ramani ikalipa korongo jina lake, nasi tukalichukua tukalitamka Stiglazi mpaka likawa kama la kwetu. Frederick Courteney Selous alikuwa mwindaji mashuhuri wa Kiingereza. Alipigwa risasi Behobeho tarehe 4 Januari 1917, akiwa askari mwenye umri wa miaka 65, akazikwa hapohapo. Mwaka 1922 pori la akiba likapewa jina lake. Sina chuki na marehemu yeyote, na kaburi ni kaburi. Lakini mtu mmoja kaua tembo wengi na mwingine kauawa na tembo mmoja, na kwa mambo hayo mawili nchi yenye ukubwa wa kuzidi baadhi ya mataifa ya Ulaya ikapata majina yake. Huo ndio uandishi wa historia niliotaka vijana waustukie.

Maana Behobeho ilikuwa kijiji. Jambo hili halihitaji kubuniwa, limeandikwa na Wazungu wenyewe. Mwezi Mei 1879 msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza ulitoka Dar es Salaam kwenda Ziwa Nyasa. Mkuu wake alikuwa Keith Johnston, mchora ramani. Walipofika Behobeho, Johnston alizidiwa na ugonjwa wa kuhara damu, akafa tarehe 28 Juni, akazikwa kijijini. Uongozi ukaangukia kwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa amewahi kuongoza hata mbuzi katika Afrika. Msafara haukurudi nyuma, ukaendelea mpaka Nyasa na Tanganyika. Uliendeleaje? Uliendelea kwa sababu msimamizi wa wapagazi alikuwa James Chuma, yule Myao ambaye pamoja na Susi waliubeba mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Chuma alijua lugha, alijua hongo inavyotolewa, alijua lini pa kupumzika na lini pa kufoka. Nimesomesha habari za Livingstone kwa miaka mingi, na kila mara wanafunzi walikuwa wakiniuliza habari za Chuma kuliko za bwana wake. Basi mtu huyo amepita Behobeho, amesimamia maziko Behobeho, na rasimu ya vibao saba haina jina lake.

Jiulize, msomaji, msafara wa watu wapatao 150 hupita wapi? Haupiti porini. Hupita penye njia, penye visima, na penye watu wa kuwauzia unga na kuku. Mpagazi hubeba frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, pamoja na mkeka na sufuria yake. Huyo hawezi kufyeka nchaka. Kila mahali ambapo msafara ulipita pana maana kwamba kuna mwenyeji aliyepita hapo kabla, tena mara nyingi, mpaka udongo ukakubali. Na huo haukuwa wa peke yake. Sultani Barghash wa Unguja naye alimtuma Mwingereza aitwaye Beardall aupande Rufiji atazame kama unafaa kuwa njia ya biashara, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1881. Hakuna sultani anayetafuta biashara mahali pasipo watu.

Nikija kwenye Maji Maji, naomba nisimame kidogo, kwani hapa ndipo moyo wa jambo ulipo. Mwaka 1904 huko Ngarambe, kusini ya mto, Kinjikitile Ngwale alichukuliwa na mzimu Hongo, akaingia katika kidimbwi cha mto wa Ngarambe, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Ndivyo wazee walivyosimulia, na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kuyachukua masimulizi hayo kwa wazee mwaka 1968, wakati waliokuwa watoto siku zile walikuwa bado hai. Wengi wanamjua Kinjikitile kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, nami niliifundisha mara nyingi. Lakini tamthilia yachezwa jukwaani, na jukwaa halina kilomita. Tulichokuwa tukikisahau darasani ni kwamba Maji Maji, kabla ya kuwa vita, ilikuwa matembezi. Watu walitoka Umatumbi, wakatoka Kichi, wakatoka kandokando ya Rufiji na mbali zaidi, wakaenda Ngarambe kwa mistari mirefu, wazee na vijana, wanawake na wanaume, wakapewa maji, wakarudi makwao. Habari ilienda kwa kunong'onezana kutoka mtu hadi mtu, na ilienda kwa miguu. Serikali ya Kijerumani ilikuwa na simu ya waya na ilikuwa na askari, ila haikuwa na njia hizo.

Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete wakang'oa pamba. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Yaliyofuata yanajulikana. Wajerumani walichoma vyakula ili njaa imalize kile ambacho risasi haikukimaliza. Hesabu yao wenyewe ya waliokufa ilikuwa watu 75,000, Dk. Gwassa, aliyefanya utafiti hukuhuku kwetu, aliweka kati ya 250,000 na 300,000. Mashamba yaliachwa. Kichaka kikaingia, na nyuma ya kichaka wakaingia mbung'o, tembo na nyati. Mwanahistoria John Iliffe ameeleza jinsi nchi iliyokuwa ya watu ilivyochukuliwa na pori baada ya vita hiyo, na jinsi hifadhi ya wanyama ilivyopanuka juu ya mahame.

Hapo nikawauliza vijana swali la hesabu. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kiasi cha kuvunwa. Mpingo ulioota mwaka 1907 katika shamba la mtama ambalo mwenyewe amekufa kwa njaa, leo una umri gani? Wakapiga hesabu. Nikasema, mgeni akisimama chini ya mpingo huo ataambiwa na kibao kwamba huu ni msitu wa kale usioguswa. Ni wa kale kweli, na nzuri kuutazama, pamoja na mikongo na mininga na ile mikwaju ya kando ya mto. Lakini huenda umesimama juu ya jiko la mtu. Mkikuta mwembe katikati ya pori, mjue mwembe haukujileta.

Kisha ikaja vita ya Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Mwanzoni mwa 1917 Waingereza waliwasukuma Wajerumani mpaka ng'ambo ya Rufiji, mvua kubwa zikawakuta, wote wakakwama katika tope na njaa. Selous alikufa siku zile, na ana kaburi lenye jina. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita nzima ya Afrika Mashariki wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara, homa na uchovu, wala hawakuuawa na risasi. Jina lao la Kiingereza ndilo lililotuachia Kariakoo kule Dar es Salaam, ambako watu hununua vitenge bila kukumbuka kwamba palikuwa kambi ya wapagazi. Sasa ikiwa kuna watu walioikanyaga nchi ya Behobeho kwa miguu, ni hao.

Baada ya hapo ni habari ya kuhamishwa, nami nitaipitia upesi. Wajerumani walianza kuweka mapori ya akiba tangu 1896. Waingereza wakayaunganisha na kuyapanua. Miaka ya 1940, kwa sababu ya malale, watu wa upande wa Liwale wakaondolewa kwa wingi, na bwana nyama Ionides akawa mmoja wa waliosimamia pori likue. Malale ulikuwa ugonjwa wa kweli, si kisingizio kitupu. Hata hivyo walioondolewa hawakurudishwa ugonjwa ulipopungua.

Ya 1968 niliyaona. Mto ulifurika vibaya mwaka ule, na baada ya hapo ikaja operesheni ya kuwatoa watu wa bondeni na kuwapandisha kwenye miinuko ya kaskazini, katika vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya shule. Mama alibeba kinu, baba akabeba mlango. Watu wa siku hizi hushangaa nikisema mlango, lakini nyumba ya udongo hujengwa popote, mlango wa mninga haupatikani popote. Tulikuwa wafuasi wema wa TANU na tulikwenda tukiimba. Ila baba aliendelea miaka mingi kushuka bondeni kila maji yalipopungua ili alime mlau, mahindi na maboga katika tope lenye rutuba, na alilala kwenye dungu kama zamani akilinda nguruwe na viboko. Alikuwa akitembea saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Mwaka alioacha kwenda, njia yake ilifungwa na matete kwa masika mawili tu. Tangu hapo nimejua ni muda gani unaohitajika ili mahali "pasiwe pameguswa na mtu".

Vijana walinisikiliza, kisha wakanirudisha duniani, na walikuwa na haki. Njia haitengenezwi kwa historia peke yake. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, hakuna kutembea bila askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Hii si fahari. Kati ya 2002 na 2004 simba mmoja katika vijiji vya Rufiji, ambaye watu walimpa jina la Osama, anatajwa kuwa aliua watu zaidi ya 30 pamoja na wenzake. Kwa hiyo njia isipite kwenye matete wala karibu na ukingo, ambapo kiboko akitoka malishoni hapishi mtu. Safari ianze alfajiri na iishe kabla ya saa nne asubuhi, jua likiwa halijawa kali. Watembee wachache, kwa mstari mmoja, bila maneno mengi. Msimu uwe Juni hadi Oktoba, kwani masika barabara yetu hii hugeuka uji. Nilipoyasikia hayo nilicheka kimoyomoyo: mstari mmoja, alfajiri, kimya, na kiangazi. Ndivyo walivyokwenda Ngarambe.

Liko pia jambo la bwawa. Wazo la kulifunga korongo ni la zamani; mamlaka ya bonde la Rufiji, RUBADA, ilianzishwa mwaka 1975, Wanorwei wakapima na kuandika vitabu vinene, na sisi walimu tulifundisha "Stiglazi" kama jambo litakalokuja kesho kwa muda wa miaka 40. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Desemba 2018. Maji yalianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukatoa umeme Februari 2024, kati ya mitambo tisa yenye uwezo wa jumla ya megawati 2,115. Ukuta una urefu wa mita 131 kwenda juu, na maji yamerudi nyuma kiasi cha kilomita 100. Zabuni za kukata miti katika eneo lile zilipotangazwa mwaka 2018, ilitajwa hesabu ya zaidi ya miti milioni 2.6. Taa nazipenda, na nimesahihisha madaftari kwa kibatari miaka mingi kiasi cha kutosha. Nasema tu kwamba sehemu ya korongo ambayo njia ingeifuata sasa ina ukuta, mitambo na ulinzi, na nyuma ya ukuta njia za zamani ziko chini ya maji pamoja na mahame yake. Mpango wa vijana hauna budi kuishia mbali na pale walipopachora mwanzo.

Hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kupendekeza jambo lililo nje ya karatasi yao. Ukivuka mto kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, ukapinda kuelekea Utete na kuendelea, utafika Ngarambe. Ngarambe na Tapika wana eneo lao la jumuiya la kuhifadhi wanyamapori, lililotengwa katika ardhi ya vijiji hivyo kwa sheria, ambamo wanakijiji wana haki ya kuingia mikataba ya utalii na kupata sehemu ya mapato. Tembo wapo, msitu upo, mto mdogo upo, na historia iliyopo pale hakuna korongo litakaloishinda. Ndani ya hifadhi kijana wa Dimani atakuwa mwajiriwa wa kambi ya mtu, akibahatika. Kule anaweza kukaa mezani na wenye ardhi wakapatana. Nikawaambia, fanyeni njia mbili, au fanyeni moja yenye miguu miwili: wa kaskazini uende Behobeho, wa kusini uende Ngarambe, na mgeni aelezwe kwamba ni nchi moja.

Hatukukubaliana kwa yote. Mmoja alisema wageni hawamjui Kinjikitile lakini Selous wanamjua, na kwamba safari ya pili inahitaji gari, daraja na siku mbili za ziada, na fedha hiyo itatoka wapi. Sikuwa na jibu la fedha. Mwingine akasema tuombe kwanza ruhusa kwa wazee wa Ngarambe, kwani kidimbwi kile si mali ya mwongozaji wala ya mwalimu mstaafu, na kuna mambo ambayo huenda hawataki yawekewe kibao. Hilo lilinipendeza kuliko hoja zangu zote. Barua imekwisha kuandikwa, kwa mkono, na itapelekwa na mtu.

Jina la njia nalo limebaki kiporo. Mimi nimetaja Njia ya Wapagazi, wao wanataka lenye neno Stiegler ndani yake ili lionekane. Kibao cha kwanza, cha pori lisiloguswa, kimeondolewa bila ubishi. Cha Behobeho kimekubaliwa, nacho kinasema hivi: "Hapa palikuwa na kijiji. Mwaka 1879 wapagazi walioongozwa na James Chuma walipumzika hapa, wakamzika Keith Johnston, wakaendelea na safari. Mwaka 1917 Selous alifia hapa vitani, na wapagazi wengi wa vita hiyo hawana makaburi yanayojulikana." Vijana wamehesabu maneno, wanasema yamezidi, na fundi wa vibao hutoza kwa herufi.